Safu ya Tano

Daftari lina safu saba, nimezipiga kwa rula mwenyewe:
jina, umri, kata, saa ya kufika,
ya tano ni chanzo cha jeraha,
nyembamba, upana wa vidole viwili,
na humo Moshi nzima hujipenyeza
ikiacha damu kidogo pembezoni mwa karatasi.

Usiku wa Jumatatu: bodaboda.
Jumanne: bodaboda, na ng'ombe wa watu, Kiboriloni.
Jumatano wakamleta kijana wa Uru juu ya mlango,
mlango kabisa, na komeo lake,
waliung'oa nyumbani wakamlaza.
Alipanda mgrivea kukatia mbuzi majani.
"Tawi lilikuwa zima," alirudia, "tawi lilikuwa zima,"
kama mtu anayedai chenji yake.
Nikaandika: kuanguka toka juu.
Tawi halina safu.

Miaka kumi na minne kwenye kiti hiki
nimeijua kalenda nyingine.
Masika, mteremko wa Kibosho hutuletea viuno na vifundo vya miguu.
Parachichi zikikomaa, watoto wa shule.
Desemba wanarudi wa Dar na magari ya kuazima,
na kisu cha mbuzi humkosa mbuzi:
mwaka jana vidole vitano kwa siku mbili,
wenye vidole wote mashemeji, wote wakicheka
mpaka ganzi ilipoisha.
Na saa kumi na mbili jioni, kila siku ya Mungu,
uji, chai, maji ya kuoga:
mtoto huungua dakika ile
mama anapokuwa na mikono miwili tu.
Safu yangu inasema "maji ya moto".
Haisemi jiko liko sakafuni
kwa sababu chumba ni kimoja.

Daktari Msofe, mgeni, kalamu nne mfukoni,
ameleta orodha ya namba toka mkoani:
moja ni barabara, mbili kuanguka, tatu moto,
tisa ni haijulikani.
"Dada Aikande, tisa zimezidi," ananiambia.
Zimezidi, namjibu. Kaa hapa usiku mmoja, uzijue.

Veneranda wa Pasua alikuja Machi, jicho: mlango.
Akaja Juni, mkono: mlango.
Mume ndiye aliyejibu, kwa adabu, kofia mkononi,
akauliza na bei ya hogo.
Alhamisi hii, taya.
Nikamtuma mume dirisha la malipo,
lile la mbali, nikijua limefungwa.
Nikageuza daftari limwelekee mwenyewe.
Nyumba gani hiyo, mama, yenye milango mingi hivyo?
Akaitazama safu ya tano muda mrefu
kama mtu anayeyapima maji kabla ya kuvuka.
Kisha, kwa taya lile lile, polepole:
"Andika mlango.
Ila huo mlango una jina."

Nikaliandika. Likatoka nje ya mstari,
likaingia safu ya sita, likagusa ya saba.
Nikampigia askari wa zamu alete PF3.
Mume akarudi, akasema dirisha limefungwa.
Pole, baba, nikasema. Kaa kidogo.
Akakaa. Akaweka kofia gotini.

Leo nimejumlisha mwezi:
barabara arobaini na moja, kuanguka kumi na tisa,
moto saba, panga nne, mbwa wawili.
Namba tisa nimeiacha wazi, Msofe ataniuliza.

Nje, mlango wa Uru umeegemea ukuta,
komeo linalia upepo ukishuka toka mlimani.
Hakuna aliyeufuata.
Kijana yuko wodini, miguu ikivutwa kwa mawe,
na nyumba yao, huko juu, inalala wazi.